Kutoka "Panda Gari" hadi "Zakayo Shuka": Kiswahili cha Amri na Kejeli za Mtandaoni

Utangulizi

Mwezi Juni 2024, mwishoni mwa muhula, nilikuwa nikifundisha hali ya kuamuru katika darasa la mwaka wa kwanza. Nilikwisha andika ubaoni mifano ile ile ya kila mwaka: soma, simama, fungua mlango. Nyuma ya darasa wanafunzi watatu walikuwa wakicheka juu ya simu moja. Nilipoifikia nikaona picha ya mti mkubwa, juu ya tawi mtu aliyevaa suti, na chini yake maneno mawili: Zakayo shuka. Mmoja wao, badala ya kuomba radhi, aliniuliza: "Mwalimu, huu si mfano mzuri kuliko hiyo ya ubaoni?"

Siku ile nilicheka nao kidogo, nikaendelea na somo. Makala haya ni jibu nililochelewa kumpa. Ninakusudia kuonyesha kwamba swali lake lilikuwa zito kuliko alivyodhani, hasa kwetu tunaofundisha Kiswahili nchini Uganda. Hapa kwetu lugha hii ilifahamika kwa miaka mingi kama lugha ya mwenye kuamuru. Katika zile picha za Kenya tuliikuta midomoni mwa yule anayeamuriwa. Hoja yangu ni moja: kejeli dhidi ya mamlaka haipati nguvu kwa sababu inachekesha, bali kwa sababu ndani yake mna dai. Dai likiondoka, mkubwa naye hucheka, na mambo hubaki yalivyokuwa.

Neno moja kwanza. Kiswahili hakijatulia juu ya jina la picha hizi zenye maneno machache ambazo watu huzinakili, huzigeuza na kuzisambaza kwa simu. Hapa nitaziita mimu. Mwingereza Richard Dawkins aliunda neno hilo mwaka 1976, kabla ya mtandao kuwafikia watu, akimaanisha wazo linaloenea kwa kuigwa kama vile chembe za urithi zinavyorithiwa. Tofauti iko wazi: chembe za urithi hazikusudii kitu, lakini anayesambaza mimu anajua anamsema nani.

Kiswahili cha amri nchini Uganda

Wasomaji wetu walio Tanzania na Kenya huenda wakashangaa kusikia kwamba Mganda wa makamo anaweza kukisikia Kiswahili na moyo ukamdunda. Historia inaeleza. Katika jeshi la kikoloni, King's African Rifles, Kiswahili kilikuwa lugha ya kambi. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba kitumike kwa mapana zaidi katika elimu na utawala, Kabaka Daudi Chwa alipinga, na viongozi wa Buganda pamoja naye. Jambo hilo halikuota mizizi shuleni, lakini kambini na katika vituo vya polisi Kiswahili kilibaki. Mwaka 1973 Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa. Tangazo hilo halikukipa walimu wala vitabu vya kutosha. Kilichopata ni sifa moja zaidi ya kuhusishwa na bunduki. Hata majeshi ya Tanzania yaliyoingia Kampala Aprili 1979 kumng'oa Amin yalizungumza Kiswahili, kwa hiyo hata ukombozi ulisikika kwa sauti ya askari.

Kisha yakaja yale ambayo wazee wa Kampala huyaita kwa maneno mawili tu: panda gari. Hili ndilo jina la misako ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati wa utawala wa pili wa Milton Obote. Askari walizingira mtaa, wakakusanya watu, wakawaamuru wapande malori. Wengine walirudi, wengine hawakurudi. Jina hilo halikutungwa na mwanahistoria. Ni amri yenyewe, iliyosikika mara nyingi mpaka ikawa jina la tukio, nayo imebaki kwa Kiswahili hata midomoni mwa watu wasiojua sentensi nyingine ya lugha hii.

Tuitazame kama walimu wa sarufi. Watu waliokusanywa walikuwa wengi. Sarufi sanifu ingetaka "pandeni gari". Jina lililobaki ni la umoja. Mtu anaweza kusema kwamba hicho ni Kiswahili cha kambini tu, ambacho hakijali kiambishi cha wingi, na huenda ni kweli. Lakini sauti ya amri ile haipotei kwa maelezo hayo. Mmoja mwenye silaha anawasemesha watu mia kana kwamba kila mmoja yuko peke yake. Anapanda peke yake, na atakakofika hatakuwa na wa kumsemea.

Hali ya Kiswahili imebadilika tangu wakati huo. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 ulikifanya somo la lazima katika vidato vya mwanzo, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Hata hivyo kumbukumbu hazibadilishwi na waraka. Mwanafunzi anayekuja kwetu huja pia na masimulizi ya bibi yake.

Zakayo na mkuyu wake

Nchini Kenya, Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 iliongeza kodi ya thamani ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16, na ikaleta tozo ya nyumba ya asilimia 1.5 ya mshahara. Hapo ndipo Rais William Ruto alipopewa jina la Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru wa Yeriko katika Injili ya Luka, sura ya 19. Mwaka uliofuata Mswada wa Fedha wa 2024 ulipendekeza, pamoja na mengine, kodi ya thamani ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Maandamano yalianza Nairobi tarehe 18 Juni 2024. Tarehe 25 waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge na watu wakapigwa risasi. Tarehe 26 rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada ule. Kufikia tarehe 1 Julai, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa.

Katika siku hizo maneno "Zakayo shuka" yalikuwa kila mahali: kwenye simu, kwenye mabango, katika sauti za watu barabarani. Kwa nini jina hili, na si tusi la kawaida? Maana matusi hayakukosekana.

Jibu liko katika hadithi yenyewe, ambayo watoto wengi wa Afrika Mashariki huisikia katika shule ya Jumapili. Zakayo ni tajiri, ni mfupi wa kimo, anapanda mkuyu ili amwone Yesu anayepita. Yesu anamwita kwa jina, anamwambia ashuke, anakwenda nyumbani kwake. Hadithi haiishii hapo. Zakayo aliyeshuka anaahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Kwa hiyo anayemwita mtawala Zakayo hamwambii tu kwamba anatoza sana. Anamkumbusha mwisho wa hadithi: utashuka, na utarudisha. Dai limo ndani ya jina, wala halihitaji kuandikwa, kwa kuwa msikilizaji anajua sura nzima. Tena jina halimfungii mlango anayeitwa. Zakayo wa Injili alitubu na akapokewa. Tusi humfukuza mtu, lakini jina hili lilimwachia njia ya kurudi kwa watu.

Sasa turudi kwenye sarufi. "Zakayo shuka" ni hali ya kuamuru, umoja, kama "panda gari". Hakuna "tafadhali", wala hakuna "ashuke", ambayo ingekuwa namna ya heshima ya kutaka jambo kwa mkubwa. Umbo ni lile lile. Waliobadilika ni wazungumzaji. Kule mmoja aliwaamuru wengi kana kwamba kila mmoja yuko peke yake. Huku wengi wanamwamuru mmoja, na yeye ndiye aliye peke yake juu ya mti. Vitenzi vyenyewe, panda na shuka, ni vile tunavyovisikia kila siku kwa makondakta wa matatu.

Nadharia zinatusaidia nini?

Wanafunzi wetu huogopa nadharia hakiki, yaani zile zinazochunguza jinsi mamlaka yanavyojijenga katika lugha, desturi na taasisi. Huzikariri kwa ajili ya mtihani, kisha huzisahau. Mifano hii miwili inaonyesha kwamba zinaweza kutumika, na pia kwamba zinaweza kusahihishwa.

Tuanze na Louis Althusser, mwanafalsafa wa Ufaransa. Katika insha yake ya mwaka 1970 kuhusu itikadi na vyombo vya dola anatoa mfano mdogo. Polisi barabarani anampigia mtu ukelele, mtu anageuka. Kwa kugeuka tu amekubali kwamba ndiye aliyeitwa, na amekubali pia kwamba anayeita ana haki ya kuita. Kwa Althusser, hivi ndivyo dola inavyotufanya kuwa raia watiifu: hutuita, nasi tunaitika kabla hatujafikiri.

Kampala ya miaka ya 1980 inamsahihisha kidogo. Aliyepanda gari hakupanda kwa sababu itikadi ilikuwa imemwingia. Alipanda kwa sababu ya bunduki. Althusser mwenyewe alitofautisha vyombo vinavyotumia nguvu na vile vinavyotumia itikadi, lakini mfano wake wa polisi unafanya mwito uonekane mwepisi mno. Kwetu mwito na bunduki vilikwenda pamoja, ndiyo maana lugha ya mwito huo iliogopwa.

Faida kubwa ya nadharia hii, hata hivyo, huonekana ukiigeuza. Katika mimu ya Zakayo anayeita ni raia, na anayeitwa ni dola. Je, dola iligeuka? Iligeuka. Mwezi Oktoba 2023, katika sherehe ya walipakodi, rais mwenyewe alilitaja jina la Zakayo kwa mzaha, akazungumzia kuwa na siku ya Zakayo. Kwa mantiki ya Althusser, aliyegeuka amekubali kwamba ndiye. Raia walitoa jina, na mkubwa akaitika.

Wa pili ni James Scott wa Marekani. Katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu utawala na sanaa za upinzani, alieleza kwamba wanyonge wana maneno mawili: yale wanayoyasema mbele ya mkubwa, na yale wanayoyasema nyuma ya mgongo wake, jikoni, shambani, kilabuni. Hayo ya pili aliyaona kama hazina ya upinzani. Mimu zinayumbisha mgawanyo huo. Ni maneno ya jikoni, lakini yanasemwa mahali ambapo mkubwa naye anasoma. Tofauti nyingine ni ya hatari zaidi: maneno ya jikoni hayakuwa na namba ya simu. Mimu ina tarehe, ina saa, na mara nyingi ina jina la aliyeituma.

Mkubwa naye anapocheka

Anayestahili kusomwa kwa makini zaidi ni Achille Mbembe wa Kameruni. Katika insha ya mwaka 1992, ambayo baadaye iliingia katika kitabu chake maarufu juu ya Afrika ya baada ya ukoloni, Mbembe alikataa kuona kila kicheko kuwa ni upinzani. Alitaja jinsi wananchi wa Togo walivyogeuza matamshi ya jina la chama tawala kuwa kichekesho cha chooni. Wengine wangeona uasi hapo. Mbembe aliona kuzoeana. Mtawala na mtawaliwa wanaishi nyumba moja, wanapenda sherehe moja, wanataniana. Kicheko humfanya mtawala azoeleke, hakimwondoi. Pande zote mbili huishia kukosa nguvu.

Nadharia hii ilinisumbua nilipokuwa nikifuatilia jina lililofuata. Mwishoni mwa 2024 Wakenya walianza kumwita rais wao Kasongo, kutokana na wimbo wa miaka ya 1970 wa Orchestra Super Mazembe, bendi ya wanamuziki wa Kongo iliyoweka makao Kenya. Ni wimbo wa mke anayemsihi mumewe arudi nyumbani. Jina lilienea upesi, video zikawa nyingi, watu wakacheza. Lakini jina hili lilidai nini? Wapo waliosikia ndani yake "nenda nyumbani". Wengi, kwa maoni yangu, walisikia muziki tu. Kabla mwaka haujaisha, rais aliyataja hadharani majina aliyopewa, kwa kicheko, na Kasongo likiwemo.

Hapa tofauti ninayotaka wanafunzi waione inajitokeza. Rais alilifanyia mzaha jina la Zakayo pia mwaka 2023, lakini mzaha ule haukulimaliza jina, kwa sababu mwisho wa sura ulibaki umeandikwa. Kila aliposema yeye ni Zakayo, msikilizaji aliweza kuuliza: je, zile mara nne ziko wapi? Kasongo halikuwa na swali la namna hiyo. Mbembe alikuwa sahihi kuhusu Kasongo. Kuhusu Zakayo, sidhani.

Jambo jingine liliitofautisha Juni 2024. Pamoja na kucheka, vijana waliusoma mswada. Waliugawa vifungu, wakaueleza kwa video fupi, wakautafsiri kwa lugha mbalimbali za Kenya, pamoja na Kiswahili na Sheng. Mimu ilikuwa mlango. Ndani kulikuwa na kazi ya tafsiri, ambayo ndiyo kazi yetu. Ninasema haya kwa fahari na kwa aibu kidogo. Sisi wenye shahada za lugha tulikuwa tumezoea kulalamika kwamba vijana hawasomi, na kumbe walikuwa wakitafsiri sheria usiku kucha bila kutuuliza.

Gharama ya mzaha

Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mwalimu anayeleta mimu darasani asijifanye hajui usaha huo.

Mwezi Desemba 2024 vijana kadhaa wa Kenya walitoweka baada ya kusambaza picha za kumkejeli rais. Mmoja wao, mchoraji wa vibonzo vya kivuli cheusi anayejulikana kama Kibet Bull, alionekana tena Januari 2025. Kwetu Uganda historia hii ni ndefu vilevile. Mwaka 2018 Rais Museveni alilalamikia umbeya wa mitandaoni, akitumia neno la Kiganda, lugambo. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo kila mtumiaji wa mitandao ya kijamii alitakiwa kulipa shilingi 200 kwa siku. Kodi hiyo iliondolewa mwaka 2021, ikaja badala yake kodi ya asilimia 12 ya data. Sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ilikazwa mwaka 2022. Na Julai 2024, wiki chache tu baada ya "Zakayo shuka" kuvuka mpaka, kijana wa miaka 24 alihukumiwa kifungo cha miaka 6 kwa video za TikTok zilizomtusi rais na familia yake. Mwezi huo huo, tarehe 23, vijana waliojaribu kuandamana kwenda Bungeni Kampala kupinga ufisadi walikamatwa kwa makumi.

Si kejeli zote za Uganda zilizoishia hivyo. Mwezi Aprili 2023 Jimmy Spire Ssentongo, mchora vibonzo na mhadhiri wa chuo kikuu, aliwaalika watu watume picha za mashimo ya barabarani kwa jina la "maonyesho ya mashimo". Kampala nzima ikawa jumba la sanaa, na serikali ikalazimika kuzungumzia barabara zake na kuagiza fedha za ukarabati zitolewe. Tazama tena kanuni ile: kichekesho kilikuwa na dai, na dai lilikuwa na anwani. Kila shimo lilikuwa na mtaa wake.

Darasani tufanye nini?

Ninapendekeza walimu wenzangu wawaachie wanafunzi maswali matatu wanaposoma mimu yoyote inayokaidi mamlaka. La kwanza ni la sarufi: nani anamsemesha nani, kwa hali gani ya kitenzi, umoja au wingi? La pili ni la maana: kicheko hiki kinadai nini, na dai hilo limehifadhiwa wapi, katika hadithi, katika methali, katika takwimu, au hakuna? La tatu ni la historia: nani atalipa gharama ya kicheko hiki, aliyeitunga, aliyeisambaza, au aliyechekwa?

Pamoja na hayo ninatoa tahadhari. Tusimtake mwanafunzi atunge mimu ya kisiasa kwa ajili ya alama, wala aisambaze kwa simu yake. Tuchukue zilizokwisha chapishwa na vyombo vya habari, tuzichape kwenye karatasi, tuzijadili kama tunavyojadili shairi. Alama kumi za zoezi hazilingani na usiku mmoja kituoni.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba amri mbili fupi za Kiswahili, moja ya Kampala na nyingine ya Nairobi, zinabeba historia mbili zinazotazamana. Yameonyesha pia kwamba nadharia za Althusser, Scott na Mbembe hutufaa zaidi tunapozipima kwa mifano ya kwetu kuliko tunapozikariri.

Yule mwanafunzi aliyeniuliza swali amekwisha hitimu. Kabla hajaondoka alinisimulia kwamba alimwonyesha bibi yake ile picha ya mkuyu. Bibi, ambaye Kiswahili chake chote kilikuwa kile cha panda gari, aliuliza maneno yale maana yake nini. Alipoelezwa alinyamaza, kisha akataka ahakikishiwe: "Ni askari anayesema, au ni watu?" Akajibiwa kwamba ni watu. Mwaka huu nimefuta mifano ya zamani ubaoni, na swali hilo la bibi ndilo ninaloanza nalo kipindi cha hali ya kuamuru.